Nani atabaki na mtoto mama akienda kufua?

Ukishukia Dagoretti Corner, ufuate barabara ya Naivasha na kuingia Riruta Satellite saa tatu asubuhi siku ya kazi, utaona milango mingi ya ploti imefungwa kwa kufuli. Watu wazima wamekwenda kazini na watoto wamekwenda shule. Hilo halina ajabu.

Lakini nyuma ya baadhi ya kufuli hizo kuna mtoto. Hakusahauliwa. Mama yake alimlisha alfajiri, akambadilisha nguo, akamlaza juu ya godoro sakafuni ili asianguke, akamzungushia blanketi, kisha akafunga mlango na kwenda Lavington au Kileleshwa kutafuta kibarua cha kufua nguo. Atarudi saa tisa, pengine saa kumi. Mtoto huyo hawezi kuketi wala kusema, na akipaliwa na uji hakuna wa kumgeuza.

Mara kwa mara tunasoma magazetini kwamba mama fulani amekamatwa kwa kumfungia mtoto mlemavu chumbani. Wengi wetu hukasirika, na hata mimi nilikuwa nikikasirika. Siku hizi swali langu la kwanza ni jingine: siku ile alipofunga mlango, alikuwa na nani wa kumwachia mtoto?

Nikueleze jinsi nilivyofika hapo.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa Satellite aliniletea mvulana wa miaka minne. Kichwa kilining'inia, mikono imekunjamana, miguu imekakamaa na kupishana kama mkasi. Mama alisema alizaliwa bila kulia. Haikuhitaji utaalamu mkubwa kutambua kwamba huo ulikuwa mtindio wa ubongo. Nilimwandikia barua ya kwenda kwa mtaalamu wa tiba ya viungo katika hospitali kubwa, mara mbili kwa wiki. Nikapiga muhuri, nikamwita mgonjwa aliyefuata.

Alirudi baada ya miezi minne, mtoto akiwa na nimonia. Barua yangu ilikuwa bado mkobani mwake, imekunjwa mara nne. Nilimgombeza. Nilimwambia, na mlango ukiwa wazi wagonjwa wengine wakisikia, kwamba mama anayempenda mtoto wake hafanyi hivyo.

Hakunijibu kwa hasira. Alinifanyia hesabu. "Daktari, ni magari mawili kwenda na mawili kurudi. Makanga wananidai viti viwili kwa sababu mtoto hakai vizuri mapajani. Nikienda Jumanne na Alhamisi nimepoteza siku mbili za kufua. Na hawa wenzake wawili watakula nini?"

Sikuwa na jibu. Nilitibu nimonia, na ile barua nikaiacha kwake bila kuitaja tena.

Hoja yangu leo inatokana na hesabu hiyo. Familia yenye mtoto wa mahitaji maalum jijini humu huhitaji mikono mingine karibu na mlango wake kabla ya kuhitaji barua, semina au huruma yetu. Na mikono hiyo lazima ipatikane katika umbali ambao mama anaweza kumbeba mtoto mgongoni. Mtoto wa miaka minne hubebeka. Akifika miaka saba au minane, na viungo vimekakamaa, mama huyo hafiki mbali. Huduma yoyote iliyo mbali zaidi ya hapo, hata iwe nzuri namna gani, kwake ni kama haipo.

Si suala la nauli tu. Hata kwa upande wa matibabu, ukaribu huo una sababu yake.

Mtindio wa ubongo ni jeraha katika ubongo ambao bado unakua. Aghalabu hutokea mtoto anapokosa hewa wakati wa kuzaliwa, anapozaliwa kabla ya siku zake, au anapopata manjano kali katika siku za kwanza na yasitibiwe. Homa ya uti wa mgongo na malaria inayopanda kichwani pia huweza kuuacha. Hauambukizi. Hautokani na laana, wala na jambo ambalo bibi au bwana alifanya ujanani. Jeraha lenyewe haliongezeki, ila hakuna dawa ya kuliondoa.

Kinachoongezeka ni madhara ya kumlaza mtoto siku nzima. Misuli isiyonyooshwa hufupika. Nyonga huanza kuteguka polepole. Ngozi ya mgongo na makalio hufanya vidonda. Mambo haya huzuiwa kwa kazi ndogo ndogo inayorudiwa kila siku: kumgeuza, kumketisha, kumnyoosha miguu wakati wa kumvisha suruali, kumwekea kitu cha kushika. Wiki ina saa 168. Mtaalamu akimshika mtoto saa moja au mbili, zile zilizobaki ni za aliye naye nyumbani. Mtaalamu mwema hulijua hilo, na kazi yake kubwa ni kumfundisha mama. Mimi nilikuwa nimemwandikia mama safari, wala sikumfundisha lolote.

Chukua mfano wa kulisha tu. Watoto wengi wa namna hii niliowatibu nimonia walikuwa wakilishwa wakiwa wamelala chali, kichwa kimeegemezwa nyuma, uji ukimiminwa kinywani. Mama hufanya hivyo kwa sababu mtoto hajui kuketi, na kwa sababu saa inakimbia. Uji huteremka kwenye mapafu. Mtoto hukohoa, hupata homa, hupona, kisha huanza tena, mpaka siku moja hapati nafuu.

Dawa ya hilo haiuzwi dukani. Mketishe mtoto wima, kichwa kikiwa kimeinama mbele kidogo. Keti mbele yake, uso kwa uso. Uji uwe mzito kiasi, kwa sababu ulio mwepesi kama maji hukimbia kabla hajawa tayari kumeza. Tumia kijiko kidogo, kilete kutoka chini, kisha ngoja ameze. Usimimine. Akimaliza, abaki wima kwa muda wa nusu saa. Mlo mmoja utachukua dakika arobaini au zaidi, na hapo ndipo tunaporudi kwenye swali letu: dakika arobaini za nani?

Nimezungumzia mtindio wa ubongo kwa kuwa ndio ninaouona sana, na ndio unaomchosha mama mgongo. Lakini katika ploti hizo hizo kuna watoto wenye usonji, ambao hutoka mbio mlango ukiachwa wazi na hawajui gari ni nini. Kuna wenye ugonjwa wa Down, wenye kifafa, viziwi ambao hakuna jirani aliyejifunza ishara hata moja ya kuwasalimia. Mahitaji yao yanatofautiana sana. Ila ukiwauliza mama zao wanachokosa, jibu halitofautiani: mtu wa kumwachia mtoto.

Hatujui vyema ni wangapi. Sensa ya 2019 ilipata watu takriban 900,000 wenye ulemavu nchini, yaani asilimia 2.2 ya waliohesabiwa. Lakini takwimu hiyo ni ya watu wa miaka mitano na zaidi. Mtoto wa miaka miwili asiyeweza kuketi hamo ndani, ilhali huo ndio umri ambao mikono ya watu ingemfaa zaidi.

Na wapo ambao hawafikii miaka mitano. Mwaka 2018 shirika la Disability Rights International lilitoa ripoti kuhusu watoto wenye ulemavu nchini Kenya. Karibu nusu ya akina mama waliohojiwa Nairobi walisema walikuwa wameshinikizwa wamuue mtoto. Nilipoisoma nilitaka kuikana. Kisha nikakumbuka mambo ambayo mama wamewahi kuniambia kwa sauti ya chini wakifunga vifungo vya nguo za mtoto. Mama mkwe amesema hivi. Mume ameuliza kwa nini tunapoteza pesa. Jirani ameshauri dawa fulani "ya kumpumzisha". Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba jirani alisema, nipe nikae naye mpaka mchana.

Sitaki msomaji adhani kwamba nchi hii haijafanya chochote. Imefanya mengi, na baadhi yake ni ya zamani. Shirika la APDK, la kuhudumia walemavu wa viungo, lilianzishwa 1958, na karakana yake ya Nairobi hutengeneza viti vya magurudumu. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, serikali ilianzisha vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalum ili wapelekwe shule zinazowafaa. Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, iliyoanzishwa 1986 huko Kasarani, imefundisha walimu wengi na hupima watoto. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na ya kupata elimu. Sheria ya 2003 ilituletea Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na nafasi ya sheria hiyo imechukuliwa na nyingine ya 2025.

Kuna pesa pia. Tangu 2011 serikali ina mpango wa kuzisaidia familia zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 kwa mwezi. Mzazi ambaye hajamwandikisha mtoto wake nampa ushauri huu bila kupindapinda: nenda ukaandikishe. Mtoto hukaguliwa kwanza na madaktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kisha Baraza humpa kadi. Si kila mwenye kadi anayepata zile pesa, lakini bila kuandikishwa mtoto hajulikani hata yupo. Nenda na cheti cha kuzaliwa, na kama huna cheti, anzia hapo.

Sasa ipige hesabu ya mama wa Satellite. Kasarani iko upande wa pili wa jiji, nje ya barabara ya Thika. Karakana ya viti iko barabara ya Waiyaki. Hospitali ya ukaguzi ina siku zake na foleni zake. Kila moja ya safari hizi ni siku ya kufua iliyopotea, na mgongo ni ule ule. Shilingi 2,000, zikipatikana, ni mshahara wa siku nne au tano za kibarua. Sizidharau. Ila hakuna mtu anayeweza kuajiriwa kukaa na mtoto mwezi mzima kwa pesa hizo.

Kwa hivyo naomba tugeuze mwelekeo. Badala ya kuhesabu ni akina mama wangapi wameshindwa kufika, tujiulize ni huduma gani zinaweza kushuka mpaka kwenye ploti.

Mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchini kote, kila mmoja akipangiwa nyumba zipatazo mia moja. Wamepewa mkoba wenye vifaa vya kupima shinikizo la damu, sukari na joto la mwili. Hatua hiyo naiunga mkono. Mhudumu huyu huingia nyumbani, anajua nani amejifungua na nani ana kikohozi. Anajua pia ni mlango upi una mtoto ndani. Afundishwe mambo mawili tu zaidi: jinsi ya kumketisha na kumlisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo, na jinsi ya kumwandikisha. Hayo hayahitaji mwaka wa chuo. Kwa maoni yangu siku tatu za mafunzo ya vitendo, na mtoto halisi akiwapo na mama yake akiheshimiwa kama mmoja wa walimu, zingeokoa watoto wengi kuliko mashine nyingine mpya.

Ninasema mama aheshimiwe kama mwalimu kwa sababu nimeshuhudia. Yule mama wa barua iliyokunjwa hakuniacha. Siku moja alikuja na mwenzake aliyekutana naye kwenye foleni ya chanjo, mwenye msichana wa hali ile ile. Baadaye wakawa watatu. Walipofika saba walianza kukutana Jumamosi mchana katika chumba cha mmoja wao, na kama ilivyo desturi yetu Nairobi, wakaanza chama cha kuchangishana. Niliitwa siku ya tatu au ya nne, nikaombwa nieleze habari ya degedege. Nilikwenda na hotuba. Walinisikiliza kwa adabu, kisha wakanionyesha mambo ambayo mimi sikuyajua: jinsi ya kumfunga mtoto mgongoni kwa leso mbili ili nyonga zipanuke, na jinsi ya kumketisha ndani ya karai kubwa la kufulia lililojazwa nguo kuukuu.

Jambo kubwa zaidi hawakulipata kwa daktari yeyote. Walipangiana zamu. Wawili hubaki na watoto wote, watano huenda kibaruani, na wanaorudi na pesa huwatoa wale wawili kidogo. Kwa hiyo kila mama ana siku tatu au nne za kazi kwa wiki ambazo mlango wake haufungwi kwa kufuli.

Sitaki kupamba. Mama mmoja aliondoka kwa ugomvi wa pesa za chama. Siku moja mtoto alishikwa na kifafa na aliyekuwa zamu akapigwa na butwaa, mpaka jirani akaja kumlaza mtoto ubavu. Mwenye nyumba alilalamika kuhusu kelele, na kuhusu maji. Watoto saba katika chumba cha futi kumi kwa kumi ni wengi mno, na mvua ikinyesha juu ya mabati hamsikilizani. Lakini tangu waanze, watoto wa kikundi hicho wanaletwa kwangu na nimonia mara chache kuliko zamani, na wakiletwa huletwa mapema.

Si jambo la Satellite peke yake. Huko Kilifi watafiti walivisaidia vikundi vya walezi wa watoto wenye ulemavu vijijini, wakavifuatilia, na matokeo yakachapishwa 2020. Walezi walikuja kuuona mzigo wa ulemavu kuwa mwepesi kuliko walivyouona mwanzo, wakapata watu wa kuwategemea, na wakawa na sauti katika mambo ya watoto wao. Watoto hawakuwa wamepona. Waliobadilika ni watu waliowazunguka.

Hapa Nairobi kwenyewe, kitengo cha usonji katika shule ya msingi ya City Primary kilitokana na juhudi za Chama cha Usonji cha Kenya, kilichoanzishwa na wazazi mwaka 2003. Mwaka huo huo, Kibera, Lilly Oyare alianzisha kituo cha Little Rock, ambapo watoto wadogo wenye ulemavu husoma pamoja na wasio nao. Jambo la Little Rock linalonivutia ni kwamba mtoto mlemavu hatengwi kwenye chumba chake. Mwenzake wa miaka minne humvuta kiti, humwokotea rangi iliyoanguka, na hukua akijua kwamba hayo ni mambo ya kawaida. Watoto hao wakiwa watu wazima hawatamdai mama viti viwili ndani ya matatu.

Niseme kidogo kuhusu kiti, kwa sababu kiti ni nusu ya tiba. Mtoto aliyeketi vizuri hula vizuri, huona watu, hutumia mikono, na mama hupumua. Viti maalum vya kununua ni ghali. Lakini kuna ufundi mmoja kutoka Zimbabwe, ambako Bevill Packer aliufundisha kwa miaka mingi, wa kutengeneza viti na meza za watoto walemavu kwa karatasi. Ndiyo, karatasi. Maboksi ya dukani hukatwa, hupakwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa kama uji mwepesi, hupangwa tabaka juu ya tabaka na kugandamizwa mpaka yawe ubao. Kiti hukatwa kwa kipimo cha mtoto mwenyewe: kina cha paja lake, urefu wa mguu wake chini ya goti, upana wa makalio yake. Kisha hufunikwa kwa vipande vya magazeti makuukuu vilivyochovywa kwenye gundi hiyo, hukaushwa juani siku nyingi, na kupakwa rangi ya mafuta.

Akina mama wa kikundi walijaribu. Cha kwanza kililiwa na panya kwa sababu hatukungoja kikauke wala hatukukipaka rangi. Cha pili kimebeba mtoto mwaka mzima. Kama una maboksi na magazeti yanayorundikana nyumbani, likiwamo hili ulilolishika ukishamaliza kulisoma, usiyachome.

Na mafundi wa mbao wanaopanga vitanda na makochi kando ya barabara ya Ngong wako umbali wa kutembea kutoka Satellite. Fundi anayetengeneza kiti cha sebuleni kwa picha ya kitabu hashindwi kutengeneza fremu ya kumsimamisha mtoto, akipewa vipimo. Mmoja alitutengenezea kwa mabaki ya mbao, akatudai pesa za misumari tu. Alisema hakuwahi kuombwa kazi ya namna hiyo. Hilo ndilo lililonishangaza: amekaa pale miaka kumi na mitano, na watoto wapo nyuma ya nyumba yake.

Najua nitaambiwa kwamba ninawatwika maskini kazi ya serikali. Hoja hiyo ina uzito na siikwepi. Mtaalamu wa tiba ya viungo anapaswa kupatikana katika kila kituo cha afya mtaani, hata kama ni siku moja kwa wiki. Shule ya msingi ya umma iliyo karibu inapaswa kuwa na kitengo maalum chenye mwalimu na choo ambacho kiti cha magurudumu huingia. Kaunti ipangie jambo hili pesa katika bajeti, na wakazi wa Riruta wahudhurie vikao vya maoni ya bajeti na kulitaja kwa jina lake. Lakini mtoto wa miaka minne hana muda wa kungoja bajeti tatu.

Wengine watasema kukaa na watoto hawa ni kazi ya waliosomea. Kumpima mtoto, kumpa dawa ya kifafa na kuamua kama anahitaji upasuaji ni kazi ya waliosomea, naam. Dawa ya kifafa isikatizwe hata siku moja kwa ushauri wa jirani au mhubiri. Kumgeuza mtoto upande wa pili, kumfukuzia nzi na kumwimbia hakuhitaji cheti.

Kwa akina baba nina neno fupi. Katika kikundi cha wale saba, wawili tu wana waume wanaoishi nao. Baba mmoja huja Jumamosi, hunyoosha miguu ya binti yake huku akisikiliza mpira kwenye redio. Hajui kwamba anafanya tiba bora kuliko niliyowahi kumwandikia mtoto huyo.

Kwa wachungaji, mapadri na maimamu nina ombi. Nimewahi kusikia mahubiri yanayomfanya mama aondoke akiamini kwamba amebeba pepo. Nimewaona pia waumini waliomlipia mtoto dawa mwaka mzima bila kujitangaza. Ombeni, lakini ombeni mtoto akiwa amekaa mbele na wenzake. Kisha tazameni majengo yenu. Mtaani kwetu ukumbi wa ibada hujaa Jumapili, au adhuhuri ya Ijumaa, na siku nyingi nyinginezo hukaa kimya. Una sakafu ya saruji, bomba la maji na choo, na uko umbali wa dakika tano kwa mama aliyebeba mtoto.

Wale akina mama wameandika barua kwa kamati ya kanisa moja la karibu, wakiomba ukumbi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa, Jumatatu hadi Alhamisi. Wameahidi kufagia na kulipa maji. Waliniomba niitie sahihi, nikafanya hivyo, na safari hii nilisoma nilichokuwa nikitia muhuri. Baadhi ya wanakamati wana hofu kuhusu harufu ya nepi, na kuhusu nani atalaumiwa mtoto akiumia. Ni maswali ya haki, na tumeyajibu kwa maandishi. Kamati itakaa mwisho wa mwezi huu.